Je, Ushindi wa Jana ni Deni la Kesho?

Kuna swali moja ambalo watu wengi hulipita pasipo kulitafakari, kwa kuwa laonekana kuwa jambo la michezo tu. Swali ni hili: mtu akishinda mara nyingi, na wengine wakafurahi kwa ajili yake, je, furaha yao yawapa haki ya kumdai ashinde tena? Je, mshindi amefungwa na deni kwa wale wanaomshangilia?

Anayedhani kwamba jibu ni jepesi na akumbuke jinsi watu wanavyomtendea mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani miaka mitatu mfululizo, kisha mwaka wa nne akawa wa tatu. Jana alisifiwa, leo anatazamwa kana kwamba ameiba kitu nyumbani. Naye hakuiba kitu. Amekuwa wa tatu kati ya wanafunzi 40.

Ili swali hili lipate kuonekana waziwazi, yafaa kuitazama habari moja ya kweli kutoka Marekani, ambako wanafunzi wa vyuo vikuu hucheza mpira mbele ya makutano makubwa kupita watu wa miji mingi. Habari yenyewe ni ya Chuo Kikuu cha Nebraska, katika mji wa Lincoln.

1. Mchezo na watu wake

Kwanza ni lazima kufahamu kwamba mpira huo si ule wa miguu unaojulikana karibu katika kila kijiji. Mpira wao una umbo la yai, nao huchukuliwa mikononi au hutupwa kwa mkono. Wachezaji ni 11 kila upande. Upande wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani kadiri ya meta 9. Wakiweza, hupewa nafasi nne nyingine. Wasipoweza, mpira huwa wa wenzao. Mchezaji anayeufikisha mpira mwisho wa uwanja huipatia timu yake pointi 6. Kisha timu yaweza kuongeza pointi 1 kwa kuupiga mpira teke upite kati ya milingoti miwili, au pointi 2 kwa kuufikisha tena mahali pale pale kwa kuuchukua au kuutupa. Wachezaji ni vijana, wengi wao wa miaka 18 hadi 22, nao ni wanafunzi wenye masomo na mitihani. Kwa mwaka mmoja hucheza kadiri ya michezo 12, hasa siku za Jumamosi.

Jimbo la Nebraska ni nchi ya mahindi na ng'ombe. Watu wake ni kadiri ya milioni mbili tu, wala hawana timu kubwa ya wachezaji wa kulipwa kama majimbo mengine. Kwa hiyo mioyo yao wameiweka kwa wanafunzi wa chuo chao. Uwanja wa Lincoln ulifunguliwa mwaka 1923. Tangu tarehe 3 Novemba 1962 tiketi zake zote huuzwa kila mchezo, na michezo ya namna hiyo imekwisha kupita 400. Siku ya mchezo, watu waliomo uwanjani ni wengi kuliko wakaaji wa mji wo wote wa jimbo hilo, isipokuwa Omaha na Lincoln yenyewe. Tena ni watu wenye sifa njema: wana desturi ya kuwapigia makofi hata wageni wanapotoka uwanjani, wakiwa wameshinda au wameshindwa.

Katika kuta za uwanja huo yamechongwa maneno ya Hartley Burr Alexander, aliyekuwa mwalimu wa falsafa katika chuo hicho. Maneno hayo yawafundisha wanaoingia kwamba utukufu u katika tendo lenyewe, wala si katika kushinda. Basi makutano yale yalipita karibu na fundisho jema kila Jumamosi. Lakini neno lililochongwa katika jiwe si lazima liwe limechongwa katika moyo.

2. Jinsi shukrani inavyogeuka kuwa dai

Mwaka 1962 alifika Lincoln mwalimu wa mpira jina lake Bob Devaney. Timu iliyokuwa dhaifu ikapata nguvu, na miaka 1970 na 1971 ikapata ubingwa wa nchi nzima. Mwaka 1973 Tom Osborne akashika mahali pake, akafundisha miaka 25. Michezo aliyoshinda ni 255, aliyopoteza ni 49, na sare ni 3. Chini yake timu ilipata ubingwa miaka 1994 na 1995, na tena mwaka 1997, ingawa huo wa mwisho ulishirikiwa na chuo cha Michigan. Hesabu ya kustaajabisha kupita zote ni hii: tangu mwaka 1969 hadi mwaka 2001, miaka 33 mfululizo, timu ya Nebraska haikushinda chini ya michezo tisa katika mwaka wo wote.

Hapo ndipo hatari ilipoanza, wala haikuanza kwa uovu. Mtu akipewa kitu mara ya kwanza, hushangaa na kushukuru. Akipewa mara ya pili, hushukuru. Akipewa mara ya kumi, hungoja. Akipewa mara ya thelathini, hudai. Kitu ni kile kile. Mpokeaji ndiye aliyegeuka. Mtoto aliyezaliwa Nebraska mwaka 1969 alifikia umri wa miaka 33 asione hata mwaka mmoja ambao timu ya kwao ilishinda chini ya mara tisa. Kwake yeye kushinda mara tisa hakukuwa jambo la kusherehekea. Ilikuwa hali ya kawaida, kama hewa anayoivuta. Na hakuna mtu anayeshukuru kwa ajili ya hewa mpaka siku inapokosekana.

3. Mambo ya mwaka 2003

Baada ya Osborne, timu ilikabidhiwa Frank Solich. Huyu alikuwa mtu wa nyumbani. Ujanani aliichezea timu hiyo hiyo wakati wa Devaney, na tangu mwaka 1979 alikuwa msaidizi wa Osborne. Mwaka 1999 timu yake ilishinda michezo 12 na kupoteza mmoja. Mwaka 2001 ilishinda 11 ya kwanza yote, kisha ikapigwa na Colorado 62 kwa 36, na katika mchezo wa ubingwa ikapigwa na Miami 37 kwa 14. Mwaka 2002 ilishinda 7 na kushindwa 7. Manung'uniko yakaanza.

Solich hakukaa kimya. Aliwabadilisha wasaidizi kadhaa, akamwita Bo Pelini awafundishe wachezaji wa ulinzi. Mwaka 2003 timu ikainuka tena: katika michezo 12 ikashinda 9. Kweli, ile mitatu iliyopotea iliumiza sana: 41 kwa 24 mbele ya Missouri, 31 kwa 7 mbele ya Texas, na 38 kwa 9 mbele ya Kansas State, tena huo wa mwisho katika uwanja wao wenyewe. Hata hivyo tarehe 28 Novemba waliwashinda Colorado 31 kwa 22. Kesho yake, tarehe 29, Solich akaondolewa kazini. Mkuu wa michezo wa chuo, Steve Pederson, alieleza kwamba hakubali timu iteremke na kuwa ya wastani. Katika miaka 6 ya Solich, michezo aliyoshinda ilikuwa 58, na aliyopoteza 19.

Wapenzi wa timu waligawanyika. Wengine waliona haya. Wengine walisema imekuwa vema, kwa kuwa mara tisa hazitoshi. Neno hili "hazitoshi" ndilo la kupimwa. Hazitoshi kwa nini? Hazitoshi kwa nani? Vyuo vingi vya Marekani vingepiga ngoma usiku kucha kwa kushinda mara tisa.

Yaliyofuata yajulikana. Mwaka 2004, chini ya mwalimu mpya Bill Callahan, timu ilishinda 5 na kupoteza 6; tangu mwaka 1961 haikuwahi kupoteza mingi kuliko iliyoshinda. Mwaka 2007 Pederson na Callahan wote wawili waliondolewa. Pelini aliishika timu tangu mwaka 2008 hadi 2014, na kila mwaka ilishinda mara tisa au kumi. Naye pia akaondolewa. Kisha tangu mwaka 2017 hadi 2023, miaka saba mfululizo, hasara zikawa nyingi kuliko ushindi. Wahenga walisema: mtaka yote hukosa yote.

Lakini hapa msomaji na awe mwangalifu, asije akakosea hesabu ya haki. Haifai kusema kwamba masaibu hayo yalikuwa adhabu ya kumfukuza Solich. Mambo mengi yaliingia: vyuo vingine viliimarika, na jimbo lenye watu wachache halina vijana wengi wa kuchagua. Tena, kama tendo ni la haki au si la haki, halipimwi kwa matokeo tu. Hata kama timu ingepata ubingwa mwaka 2004, bado swali lingebaki: je, ilikuwa haki kumdai mtu yale yaliyodaiwa?

4. Tumaini ni jambo moja, dai ni lingine

Ili kulijibu, ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo hufanana sana kwa nje. La kwanza ni tumaini, la pili ni dai.

Mwenye tumaini husema: "Natamani washinde, nami nitafurahi sana wakishinda." Mwenye dai husema: "Ni lazima washinde, na wasiposhinda wamenikosea." Mwenye tumaini akipata, hushukuru, akikosa, huhuzunika. Mwenye dai akipata, hanyamazi hata siku moja, kwa maana amelipwa tu kilicho chake, akikosa, hukasirika. Kwa hiyo mwenye dai hawezi kufurahi kamwe. Ushindi kwake ni kulipwa deni, na hakuna anayecheza ngoma kwa kulipwa deni la zamani. Ndiyo sababu mwaka wa kushinda mara tisa uliweza kuwa mwaka wa manung'uniko.

Je, mchezaji na mwalimu hawana deni lo lote? Wanalo. Wana deni la bidii. Wana deni la kujitayarisha, la kufuata sheria za mchezo, la kutowadanganya watu, la kuwatunza vijana waliowekwa mikononi mwao. Hayo yote yamo katika uwezo wao. Lakini ushindi haumo katika uwezo wa mtu mmoja, kwa sababu mbele yake yupo mwingine mwenye bidii vilevile, ambaye naye ana mama, ana chuo, ana watu wanaomshangilia. Na mtu hawezi kuwa na deni la kitu kisichokuwa mikononi mwake.

Pengine mtu atasema: "Lakini mwalimu wa mpira hupokea mshahara mkubwa. Na wanafunzi nao, ambao kabla ya mwaka 2021 walikatazwa kupokea fedha kwa ajili ya majina yao, tangu mwaka 2025 waweza kulipwa na vyuo vyenyewe. Anayelipwa na alete ushindi!" Jibu ni hili: mshahara hununua kazi, haununui matokeo yasiyo katika uwezo wa mfanyakazi. Mtu akimwajiri kibarua kulima shamba, ana haki ya kumdai jembe lifike chini, mistari inyooke, magugu yang'olewe. Hana haki ya kumdai mvua. Kibarua mvivu na afukuzwe, ni halali. Lakini anayemfukuza kibarua hodari kwa sababu mwaka huu mvua ilikuwa haba kuliko mwaka jana, huyo hajui tofauti ya mtu na mbingu.

Mfano mmoja waonyesha jambo hili vizuri. Tarehe 2 Januari 1984, timu ya Osborne, ambayo ilikuwa imeshinda michezo yote 12, ilicheza na Miami kwa ajili ya ubingwa. Zikiwa zimebaki sekunde 48, Nebraska walipata pointi 6, wakawa wamefikia 30, na Miami 31. Teke moja tu lingeleta sare, na wengi walihesabu kwamba sare ingetosha kuwapa ubingwa. Osborne hakutaka ubingwa wa sare. Aliamuru pointi 2 zitafutwe ili washinde kweli. Mpira ulitupwa, mlinzi mmoja akaugusa, ukaanguka. Nebraska wakashindwa 31 kwa 30. Je, Osborne alikuwa na deni la ubingwa kwa watu wake? Alikuwa na deni la kucheza kwa moyo wote, naye alilipa lote. Wengi wamemheshimu kwa mchezo ule alioupoteza kama kwa mingi aliyoshinda.

5. Hesabu isiyodanganya

Iko pia hoja ya hesabu, ambayo hata mtoto wa shule aweza kuifuata. Katika kila mchezo usio wa sare, mmoja hushinda na mmoja hushindwa. Ushindi wa wote ukijumlishwa, ni sawa kabisa na hasara za wote zikijumlishwa. Basi kama watu wa kila chuo wangedai timu yao ishinde mara tisa katika michezo 12, dai hilo lisingewezekana, hata wachezaji wote wangekuwa hodari namna gani. Wanaodai hivyo wadai kwamba wengine wapate hasara walizozikataa wao.

Kwa hiyo anayeshabikia mchezo amekubali jambo moja tangu siku ya kwanza, ajue au asijue: amekubali kwamba kushindwa kupo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wasema wazee. Na neno hili ni la kweli kwa mtazamaji kuliko hata kwa mchezaji. Mchezaji hulipia kushindwa kwa jasho na maumivu ya mwili. Mtazamaji ameketi. Yeye hutoa tiketi na sauti yake, kisha hutaka faida ya mwenye jasho.

6. Je, basi ni vema kutotaraji lo lote?

Sivyo. Moyo usiotaraji kitu ni moyo uliolala. Vijana huongezewa nguvu na watu wanaowaamini, kama vile mwanafunzi anavyoongezewa nguvu na baba anayemwambia, "Waweza." Watu wa Nebraska wasingekuwa na miaka 33 ile kama wasingalitamani makuu. Na inawapasa sifa hii: hata katika miaka saba ile ya hasara hawakuacha uwanja. Tiketi zilinunuliwa vilevile. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba hawakuipenda timu yao. Waliipenda. Kosa halikuwa katika kupenda, wala katika kutaraji. Kosa liliingia pale mapenzi yalipoandika hati ya deni.

Tena matarajio makubwa yana mipaka yake ya haki. Yafaa kumtaraji mtu yaliyo katika uwezo wake, na kumtaraji zaidi yule aliyepewa uwezo zaidi. Haifai kumfanya mtu wa leo apimwe kwa kilele cha jana peke yake. Solich alipimwa kwa Osborne aliyekwisha kumaliza miaka 25, wala si kwa Osborne aliyeanza. Maana huyo Osborne mwenyewe alifundisha zaidi ya miaka 20 kabla ya kupata ubingwa wake wa kwanza. Subira aliyopewa yeye, mwingine alinyimwa. Na kipimo kisicho kimoja kwa wote si kipimo cha haki.

Frank Solich alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Ohio tangu mwaka 2005, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 2021. Timu zake huko zilishinda michezo 115. Mwaka 2024 chuo cha Nebraska kilimwalika Lincoln, kikamheshimu mbele ya watu katika uwanja ule ule, nao wakampigia makofi. Ilikuwa imepita miaka ishirini na zaidi. Hivyo watu wale walionyesha kwamba shukrani yaweza kurudi hata ikiwa imechelewa. Lakini shukrani iliyo bora ni ile inayotolewa mtu angali kazini, wakati jasho lingali usoni mwake, kabla haijajulikana kama kesho atashinda au atashindwa.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Mtoto wa nyumba yenu akifanya bidii yote na kupata namba ya chini kuliko mwaka jana, ni neno gani la haki la kumwambia? Akipata namba ile ile kwa uvivu, neno litakuwa lile lile?

2. Ni vitu gani ambavyo watu wa kijiji walivishukuru zamani, na sasa wanavidai tu? Ni nani anayevileta, na lini aliambiwa "asante" mara ya mwisho?

3. Timu ya shule ikishindwa, ni nani anayestahili lawama: aliyecheza vibaya kwa uzembe, au aliyecheza vizuri akamkuta aliye bora kuliko yeye?